Mfungo wa Siku ya Mechi

Kerubo alitoka uwanjani Columbus, Marekani, ameshindwa, bega likimuuma hata raketi kaishika kwa mkono wa kushoto. Akampigia mamake simu Louisville. Tangu binti aanze tenisi ya kulipwa, siku ya mechi mama hali kitu. Hufunga na kuomba mpaka simu ilie.

"Mama, kula. Nimeacha kucheza. Chuo kimoja Buffalo kimenichukua niwe kocha."

Kifuniko cha sufuria kikalia, mama akasikika akitafuna.

"Asante Yesu," akasema, mdomo umejaa.

Kerubo akacheka huku machozi yakimtoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ghafla mama akaacha kutafuna.

"Na hao watoto wako wa Buffalo," akauliza, "wanacheza siku gani?"