Kifungo cha Tatu

Insha ya kumi na moja ndiyo iliyomnyanyua fundi cherehani kitini, akaenda kuteremsha begi la mumewe kutoka juu ya kabati.

Zilikuwa insha za wanafunzi wa kidato cha nne. Mumewe, Mwalimu, alikuwa amekwisha kuzisahihisha, akazisahau nyumbani, na juu kabisa palibanwa swali: "Soma barua hii. Chambua lugha ya mwandishi, kisha eleza anachokificha." Barua yenyewe ilikuwa imepigwa chapa, haina jina la aliyeandika wala la aliyeandikiwa.

Fundi hakuhitaji jina. "Lile koti lako la kahawia," barua ilisema, "kifungo cha tatu kimelegea. Usikishonee kwingine. Kuna anayekungoja na sindano." Mwenye koti la kahawia la aina hiyo alikuwa mmoja tu mji mzima, hajaliacha tangu ujana wake, na kila usiku alikoroma ubavuni pake.

"Dada! Mume wangu ana mwanamke. Tena barua yake anaifundisha darasani!"

Dada yake alikuwa upande wa pili wa meza, ananakili vipimo vya mteja kwenye daftari. Tangu shuleni mambo yalikwenda hivyo: mkasi wa mdogo, kalamu ya dada. Fundi hupima kiuno na bega, akataja kwa sauti, na dada akaandika kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande.

"Mwanamke gani?" Dada hakuinua macho. "Shemeji mwenyewe hata tai anafungwa na wewe."

"Basi sikia watoto wa watu walivyomfichua." Fundi akaisukuma miwani puani. "Huyu anasema: 'Mwandishi anaamuru kila mstari, anajifanya mkali ili asije akalia.' Na huyu: 'Tamathali zake zote ni za nyumbani, chungu, ufagio na taa. Inaonekana huyu mama amekwisha kuhamia moyoni.' Amehamia, dada! Na mimi niko hapa namnyooshea suruali!"

"Watoto wa siku hizi wanaona mbali."

"Ngoja huyu wa kumi na moja, ndiye aliyenimaliza. 'Barua nzima mwandishi hajitaji hata mara moja. Anaandika "kuna anayekungoja", "kuna anayekuombea", kama mtu anayechungulia mlangoni kwa mwenzake.' Umeona? Mwizi huyo!"

Kalamu ya dada ilisimama.

"Huyo kapewa ngapi?"

"Kumi na tano kati ya ishirini."

"Shemeji mchoyo. Huyo alistahili zote."

Fundi hakumsikiliza. Alikuwa anasokomeza mashati begini kama anayeshindilia pamba kwenye godoro. Miaka thelathini ya ndoa, watoto watatu, na leo hii, kabla chai haijapoa, mtu angekwenda kulala kwa huyo mwenye sindano. Mwisho akalitupa koti la kahawia juu ya mashati.

Dada akainuka, akalitoa koti, akatunga uzi.

"Unafanya nini sasa?"

"Kifungo kimelegea, mdogo wangu. Hata kama anafukuzwa, asiende kifungo kinaning'inia kama mtu asiye na watu."

Alikuwa anakata uzi kwa meno Mwalimu alipoingia mbio kufuata insha zake. Akajikwaa kwenye begi.

"Nani anasafiri?"

"Wewe!" Fundi akamtupia ile barua. "Nenda kwa bibiye anayekungoja. Na umwambie mapema kwamba unakoroma."

Mwalimu akasoma, akamtazama mkewe, akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka manjano. Maneno yalikuwa yale yale. Chini yake palikuwa na jina la mkewe.

"Umesahau, mama watoto? Nilikuwa nimekwisha kumwambia mama yangu kwamba nimeghairi, sioi, mpaka uliponiandikia hii. Nimefuta jina lako tu, nikawapa wanafunzi waone mtu anavyoandika. Na mwandiko wako haujabadilika hata kidogo! Si nauona kila siku kwenye daftari la vipimo?"

Akavaa koti, akapapasa kifungo cha tatu, akatabasamu. Akakusanya insha zake, akatoka anapiga mluzi.

Fundi alibaki na ile karatasi ya manjano mkononi. Akautazama mwandiko uliolalia upande. Akalitazama daftari. Dada alikuwa ameinama, anatafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

"Dada," fundi akasema polepole, "mimi nilikuagiza umwandikie tu kwamba homa yangu imepona."