Kibao cha Thelathini

Zachary alirudisha rekodi nyuma akaitazama upya. Treni ya Kajuju ilishuka mteremko wa Rapsu, ikafikia kibao cha kasi cha thelathini, ikakipita kwa sabini na nne. Breki hazikuguswa. Hata honi haikupigwa. Mbele kidogo, kwenye kivuko ambapo Zachary aliwachora wakulima na punda wao wa kubeba vitunguu, punda mmoja alirushwa juu kama mfuko mtupu.

"Ptu!" akasema, peke yake chumbani.

Isiolo haina reli. Ndiyo maana wapenzi wa treni wa mji huo walijitengenezea moja ndani ya mchezo wa kompyuta, kutoka mjini mpaka Sericho. Wengine waligombania kuchora milima na ngamia. Zachary aliomba vibao vya kasi na vivuko tu. Alipima kila kona, kila daraja na kila kivuko, kisha akachomeka kibao chake, na mtu akikipita ovyo aliona ametukanwa yeye na ukoo wake. Kundini walizungumza kwa simu tu, hawakuwahi kumwona. Walimwita Refa. Wapo walioapa kwamba ni trafiki mstaafu.

Kajuju ndiye dereva aliyekuwa bora kuliko wote. Jumamosi angekwenda Nairobi kuwakilisha kundi kwenye mashindano, na mshindi angepewa mafunzo ya udereva wa treni, treni ya kweli, bila kulipa chochote. Msichana hakuwa akiongea jambo lingine tangu habari hiyo itangazwe. Kilichobaki ni Refa kuipitisha safari yake ya mwisho, hii hii iliyomrusha punda.

Ujumbe wake ulikuwa bado kwenye simu. Zachary aliusoma huku amekunja pua.

"Habari Refa. Naomba unielewe. Jana mchana nilikuwa nacheza hapa shuleni, kwa ofisi, watoto wangu wa chekechea wakatoka mapema. Hapa mbele ya geti magari hayapunguzi mwendo hata kidogo. Nilikimbia kuwavusha, na kidogo tu tugongwe. Kurudi, nikapata treni imeshapita kibao. Tafadhali Refa. Nafasi kama hii sitapata tena."

Watoto! Kila mvunja sheria ana watoto siku ya kuhukumiwa.

Simu ikaita. Ni Dabasso, mwenzake wa kazi. Akaikata. Ikaita tena, na safari hii alikuwa Molu, mwenyekiti wa kundi.

"Refa, habari yako. Wallahi huyu msichana mimi namuonea huruma. Safari ya kupimwa huwezi kuisimamisha katikati, wewe mwenyewe unajua. Sasa angefanya nini?"

"Angefunga breki."

"Watoto walikuwa kwa barabara, ndugu yangu!"

"Na punda wangu alikuwa kwa reli."

Molu akacheka. "Punda wa kuchora!"

Kicheko hicho kilimchafua Zachary roho kabisa. "Leo ni punda wa kuchora, kesho ni mtoto wa mtu. Molu, watu kama hawa wananitia kinyaa, nakuambia ukweli. Kila mmoja ana sababu yake. Huyu amechelewa, yule anangojewa, huyu mwingine kengele imelia. Kibao hakijui sababu zenu. Kimeandikwa thelathini, wewe nenda thelathini!"

"Hapo umesema kweli," Molu akakubali kwa unyonge. "Mimi siwezi kubishana na hiyo."

Dabasso akapiga tena. Zachary akamkata tena. Hakuwa mtu wa kuacha kazi ya haki nusu. Alifungua ukurasa wa kundi, akaandika bila kusitasita: "Kajuju ameondolewa, Jumamosi haendi. Mtu anayepita thelathini kwa sabini na nne hafai kukabidhiwa kitu chochote chenye magurudumu. Wanaotafuta visingizio watafute pia kundi lingine."

Akatuma. Kisha mmoja akajibu, "Sawa Refa." Wa pili akafuata, wa tatu pia. Mwishowe akaandika Kajuju mwenyewe.

"Nimeelewa. Asanteni kwa yote. Niwaache kidogo, watoto wanatoka, naenda kuwavusha."

Zachary akafyonza. Amefukuzwa, na bado anaimba wimbo wa watoto! Alifunga kompyuta kwa kishindo, akavaa viatu, akatoka nje akitingisha kichwa kwa namna dunia ilivyooza.

Dabasso alikuwa amesimama kwenye lango, amevimba kwa hasira.

"Zachary, unanikatia simu kwa nini? Miraa imeingia kutoka Maua kitambo, nimeshakupakilia yote. Sericho wananimaliza na simu, wanasema ikifika imenyauka hawachukui."

"Itafika," Zachary akasema, akaruka ndani ya pikapu na kuwasha injini.

Penye kibao cha hamsini karibu na shule, mshale wa mwendo ulikuwa umegota mia na thelathini. Katikati ya lami, mwalimu mmoja alikuwa ametandaza mikono mbele ya watoto wa chekechea. Aliwasukuma wote mtaroni, akawaangukia kwa juu.

Zachary alimpigia honi ndefu ya kuchukizwa. Alikuwa mwanamke yuleyule aliyemzibia njia jana.