Mkono Unaokosesha

Peres alianza na panga. Alilifunga kwa leso kuukuu, akalisukuma nyuma ya gunia la makaa, kisha akarudi kuchukua kisu cha mboga na wembe. Zedekiah alipoingia akitafuta wembe wa kunyolea, Peres alimwambia umepotea. Hakuuliza zaidi. Siku hizo hakuwa mtu wa kuuliza.

Yote yalianza Jumapili. Katika kanisa la mabati walikosali pale Kinoo, mhubiri mgeni alisoma yale maneno makali ya Yesu, kwamba mkono wa kuume ukikukosesha, heri uukate uutupe, kuliko kwenda motoni na viungo vyako vyote. Akasoma, akafunga Biblia, akaketi. Hakufafanua hata neno. Ikafuata meza ya Bwana, watu wakainuka kwenda mbele. Zedekiah na Peres walibaki kwenye benchi lao, kama kawaida yao. Ila safari hii Peres alimwona akiutazama mkono wake, akiugeuza huku na huku kana kwamba ameuokota njiani.

Tangu hapo Zedekiah hakula vizuri. Alikuwa fundi wa mbao, fundi hasa. Vitanda vyake vililaliwa hadi mtaa wa Karen, kwa matajiri. Kutwa nzima vidole vyake vilikuwa kando ya msumeno wa umeme, na hilo ndilo lililomnyima Peres raha. Yeye alifanya kazi ya nyumba Kileleshwa, akipiga pasi nguo za watu huku moyo wake uko Kinoo. Akamwomba Nzuki, aliyefanya kazi na Zedekiah karakana moja, amtupie jicho.

Alhamisi Nzuki alipiga simu. Alisema Zedekiah amewasha msumeno na hana ubao mkononi. Amesimama tu anautazama.

Peres alichomoa pasi, akamwambia tajiri wake ana mgonjwa, akashika boda boda. Alimkuta Zedekiah ameketi juu ya rundo la mbao, jasho likimtiririka. Nzuki alikuwa amezima umeme wa karakana nzima.

"Huo mkono umefanya nini, Zede?"

Peres alikuwa amewaza wizi. Alikuwa amewaza ngumi iliyomuumiza mtu. Zedekiah hakutaja lolote kati ya hayo.

"Kila jioni natubu," alisema. "Na kila asubuhi naamka nalo lile lile."

Peres hakumwacha arudi kwenye msumeno. Siku hiyo hiyo alimpeleka mjini kwa Mchungaji Kilonzo, mzee aliyeongoza maombi ya saa ya chakula katika ukumbi mmoja ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Mchungaji aliwaketisha, akamuuliza Peres huyu ni nani wake. Peres akajibu kwamba ni mtu wake, na akaeleza yote: mahubiri, wembe, msumeno. Akamsihi amwokoe kabla hajajikata.

Mzee aliushika mkono wa Zedekiah, akaulaza juu ya meza.

"Hii ni nyama na mifupa," alisema. "Ukiukata leo, kesho utakosa kwa ule wa kushoto. Bwana hakutaka damu yako. Mkono wa kuume ni kile unachokipenda mpaka huoni utaishije bila hicho. Kikikutenga na Mungu, unakiacha. Na kitauma, ndugu yangu. Kitauma kama kukatwa."

Zedekiah aliurudisha mkono wake magotini.

"Na kama chenyewe hakina ubaya wowote?"

"Mkono pia hauna ubaya," mzee akajibu.

Peres alitoka pale mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Waliposhuka ngazi alimweleza upya, kwa maneno yake mwenyewe, asije akayasahau: hakuna haja ya kisu, hakuna haja ya damu, ni kuacha tu, basi. Chochote kile. Akamwambia atamsaidia.

Zedekiah alisimama kwenye ngazi akamtazama kwa muda mrefu.

"Utanisaidia?"

"Kwani una nani mwingine hapa Nairobi?"

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Peres. Alilitoa panga nyuma ya gunia, akarudisha wembe kando ya kioo. Alinunua samaki sokoni Kangemi, akampara kwa kile kisu cha mboga, akiimba. Mchana Zedekiah alikula, tena akaongeza ugali. Alimshukuru kwa sauti ya chini, akamwita kwa jina lake lote, Peres, kama mtu anayetaka kulikariri.

Jua lilikuwa bado linawaka juu ya mabati Peres aliporudi na ndoo ya maji kutoka bombani. Mlangoni palikuwa na boksi la zana za Zedekiah, randa na patasi, limefungwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa kitandani, begi limejaa magotini, machozi yakimtoka bila sauti.

"Nimempigia Awuor simu," alisema. "Nimemwambia mumewe anarudi nyumbani."