Mtu Anayezijua

Sentensi ya mwisho haikuwamo katika mwandiko wa injinia. Beldina aliiongeza mwenyewe, akipiga taipu polepole ili asikosee: "Hakuna mtu mwingine anayezifahamu swichi hizi kama Bwana Oketch."

Injinia alitia sahihi huku akitazama saa. Ripoti ikaenda.

Beldina alikuwa na mwaka mmoja tu katika ofisi ya kampuni ya umeme hapo Kisumu. Taipu alikuwa ameisomea katika masomo ya jioni, mimba ikizidi kukua mpaka mikono ikawa haifikii meza vizuri. Oketch, fundi wa stesheni ya umeme ya Milimani, alikuwa mume wake.

Swichi zenyewe zilikuwa nne, masanduku ya chuma yenye kimo cha mtu, yamejaa mafuta, yaliyofungwa pale tangu wakati wa Mkoloni. Kazi yake ni kukata umeme mkubwa kukitokea hitilafu. Mkono wa kuwashia uko mbele, kwa hiyo anayewasha husimama uso kwa uso na sanduku.

Mwaka uliopita namba tatu ilipasuka. Wiki hiyo Oketch alikuwa amechukua ruhusa kwa sababu mtoto wao, Awuor, alikuwa amezaliwa. Aliyesimama mahali pake ni rafiki yake Wakoli. Jeneza la Wakoli lilipelekwa kwao Bungoma likiwa limepigiliwa misumari, na mama yake alikatazwa kulifungua. Namba tatu ikatiwa mlango mwingine, ikarudi kazini.

Kisha taa zikazimika Milimani, mtaa wanaokaa wakubwa, mara tatu katika mwezi mmoja, moja ya mara hizo wakubwa wakiwa mezani na wageni wao. Hapo ndipo kampuni ikauliza: swichi zitengenezwe upya, au ziondolewe ziletwe nyingine? Injinia hakutaka kukisia. Akamwambia Oketch alete neno lake kesho asubuhi.

"Nikisema zitengenezwe, nitazitengeneza," Oketch alimwambia mkewe jioni hiyo, nyumbani kwao Nyamasaria, huku akimtolea mtoto miiba ya samaki. "Hizo mpya ni za kubonyeza tu, tena ukiwa chumba kingine. Hata karani anaweza. Zikiondolewa, Mama Awuor, na mimi naondolewa nazo."

"Hizo swichi unazipenda kuliko mimi."

"Wewe uliniomba lini nikubadilishie mafuta?"

Beldina hakucheka. "Hata Wakoli alikuwa anajua utani, Baba Awuor."

Oketch akaacha samaki. Mtoto akamshika kidole, akakivuta kwenye sahani. Alikuwa amevaa sweta la buluu lenye kiraka kiwikoni, zawadi ya mke wa meneja. "Sisi hatutupi kitu ambacho bado kinavalika," mama yule alikuwa amesema, na Beldina akalipokea kwa mikono miwili.

"Zimechoka au hazijachoka?" Beldina aliuliza.

"Zimechoka."

"Basi sema hivyo. Kazi yako tutaitafutia njia."

Asubuhi Oketch akasema hivyo, kofia mkononi, kama mtu anayemshtaki ndugu yake. Injinia akaandika: ziondolewe. Na njia aliyoipata Beldina ilikuwa ile sentensi moja. Alijiambia kwamba wakubwa wakishaisoma, watamwachaje mtu kama huyo?

Hawakumwacha. Miezi sita baadaye swichi mpya ziliteremshwa kutoka kwenye treni, na jina la Oketch lilikuwa bado kwenye orodha ya mafundi. Siku ya kuziwasha alimwita mkewe aje aone. Alisimama nyuma ya ukuta, akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja. Taa zikawaka. Hakuna kilichonguruma.

"Yawa! Hata jasho halijanitoka!"

Beldina alimkumbatia Awuor, akaficha uso kwenye lile sweta. Oketch alipomuuliza kama analia, alisema ni vumbi.

Walipotoka walipita uani. Zile swichi nne za zamani zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, na wanaume wawili walikuwa wakizipaka rangi ya kijivu.

"Hata chuma chakavu siku hizi kinapambwa kama bibi harusi," Beldina alisema.

Oketch alicheka. Aligusa namba tatu kwa kiganja kama mtu anayemuaga ng'ombe mkorofi, kisha akajipangusa rangi kwenye suruali.

Usiku huo alilala kabla ya mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Wakoli, Beldina hakukaa macho kumsikiliza akipumua. Alilala akiwaza shule ambayo Awuor atasoma, tena mchana, si jioni kama yeye.

Jumatatu meneja alimletea barua aliyoiandika kwa mkono.

"Nakala tatu, Mama. Ile ripoti ilitusaidia sana, imetuondolea shida ya kutafuta mtu."

Beldina alipanga karatasi na kaboni, akazisawazisha, akaanza. Alipiga kama alivyofundishwa, macho kwenye mwandiko, vidole vikitangulia akili:

"Swichi nne zilizotolewa Milimani bado zinafaa kutumika mashambani. Zitafungwa katika stesheni mpya upande wa Ahero kabla ya mvua. Kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayezifahamu swichi hizi kama Bwana Oketch, atahamia nazo."