Koki Tatu Chini ya Kitanda

Moto uliwaka vizuri, ila maji hayakutaka kupata moto.

Ardith alifungua bomba la jikoni kwa mara ya nne, akaweka kidole. Baridi ya kuuma mfupa. Nje, ubavuni mwa trela, ile nyumba ya magurudumu walimokuwa wakiishi, aliusikia moto wa gesi ukivuma ndani ya hita ya maji kama kawaida yake.

"Lowell," alimwita mumewe kupitia dirishani. "Umewasha, au umeota umewasha?"

"Njoo usikilize mwenyewe, mama Janine. Unanguruma kukuzidi wewe."

Siku nyingine angecheka, maana wana miaka arobaini na sita wanataniana hivyo. Leo alifunga bomba kwa nguvu. Binti yao Janine alishasema kwenye simu, tena bila kuzunguka: jambo moja tu likiharibika tena, Jumamosi anapanda ndege kutoka Minnesota kuja huku Arizona. Trela linauzwa. Anayesahau anapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzake anahamia kwa Janine.

Ardith alijua anayesahau ni nani. Wiki iliyopita jiko liliachwa wazi linatoa gesi, wakaamka vichwa vinawagonga. Juzi funguo za pikapu zilikutwa ndani ya kopo la shayiri. Kila mara Lowell aliinamisha kichwa akasema, "Ni mimi. Sijui nilikuwa nawaza nini." Tangu hapo Ardith alimfuata hatua kwa hatua, kama mtu anayechunga mtoto karibu na kisima.

Alitoka nje, sweta juu ya nguo ya kulalia. Jua la Januari lilikuwa limeshapanda juu ya vichaka vya jangwani lakini baridi ilikuwa bado haijaondoka. Lowell alikuwa amefungua kimlango cha hita na kuinama mbele yake.

"Usiguse," Ardith alisema.

"Nisipogusa nitajuaje?" Aliweka kiganja kwenye tangi, akakitoa upesi. "Linaunguza."

"Na bombani ni baridi."

"Na bombani ni baridi," Lowell alirudia polepole. Kisha akamtazama mkewe usoni kwa muda mrefu.

Amepotea, Ardith aliwaza. Hajui tena kinachofuata. Na huyu ndiye aliyelijenga trela hili upya kwa mikono yake.

Mara ile koki ndogo ya kupumulia tangi ikaanza kupiga mluzi. Mvuke ukatoka, halafu maji ya moto yakaruka, yakalikosa shavu la Lowell kwa upana wa kidole. Ardith alimvuta shati kwa mikono miwili.

"Zima. Zima gesi, Lowell, mkono wako wa kulia."

Alikuwa ameshazima.

Walisimama hapo wakihema mpaka mluzi ulipokwisha. Maji yalikuwa yamefungiwa ndani ya tangi, yanachemka bila pa kutokea. Ardith aliiona ile koki ndogo ikikwama, akaliona tangi likipasuka, na majirani wanakimbia na mablanketi. Alitaka kumwita fundi, akajizuia. Fundi angeongea na watu wa kambi, wanaosimamia matrela yote hapo, na watu wa kambi wana namba ya Janine.

"Pengine ni swichi," alisema, kumpa mzee pa kuanzia. "Au mtungi wa gesi umekaribia kuisha."

"Siyo swichi," Lowell alisema, akaingia ndani.

Hakulifuata sanduku la vifaa. Alienda moja kwa moja chumbani. Ardith alimfuata. Chumbani kuna nini cha hita?

"Nishike," Lowell alisema. Magoti yake yote mawili yalikuwa ya kupandikizwa, na tangu atoke hospitali hakuwahi kuyapiga chini. Alishuka akiugua, jasho likimtoka, bega la mkewe likiwa ndiyo fimbo yake. Akauvuta ubao mdogo chini ya kitanda.

Koki tatu. Zote zimegeuzwa.

Ardith alizitambua papo hapo. Kwao Minnesota, Oktoba ikifika, kabla barafu haijapasua tangi, unazigeuza hizo tatu ili maji yapite pembeni ya hita bila kuingia ndani yake. Aprili unazirudisha. Lakini huku jangwani, katikati ya msimu, nani azikumbuke? Ni mtu ambaye akili yake imeshamwacha hapa, imerudi nyumbani kwenye theluji.

"Tuko Arizona, mzee wangu," alisema.

Lowell alizirudisha koki moja moja. Hakugeuka.

"Najua. Nisamehe. Sijui nilikuwa nawaza nini."

Bomba la jikoni likakohoa, likatema hewa, kisha maji yakaja ya moto hasa. Ardith aliweka mikono yote miwili chini yake, akalia kimyakimya.

"Janine hatumwambii," alisema.

"Hatumwambii," Lowell aliitikia, akatoka nje.

Ardith alianza kuosha vikombe. Alipofika cha pili alisikia sauti nyuma ya trela, ya chini, ya mtu anayeongea na simu. Mungu wangu, anajichongea mwenyewe. Alifunga bomba, akasogeza sikio kwenye wavu wa dirisha.

"Ndiyo, amezigeuza tena zile koki," Lowell alikuwa akisema. "Nilimsikia mama yako akiamka alfajiri, nikadhani anaenda chooni. Hapana, Janine. Hapana, mwanangu, usije Jumamosi, nakuomba. Bado ananijua."