Filamu ya Baba

Mama alikatiza maneno, akaikodolea macho kamera. "Zima kwanza hicho kitu."

Bintiye, mwongozaji wa filamu, alikuwa amekataa tamthilia ya vipindi hamsini ili atengeneze hii: maisha ya baba yake, aliyefukiwa na kifusi machimboni akiwaokoa wenzake. Waongozaji wenzake walimcheka, wakasema amepiga teke riziki. Na kweli, wiki tatu za kurekodi zilikuwa zimempa sifa tupu za marehemu, filamu iliyopooza ambayo hata yeye mwenyewe alisinzia akiitazama.

Aliinama nyuma ya kamera. Taa ndogo nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka kando ya lenzi. Akaifunika kwa kidole gumba.

"Nimezima, mama."

Mama alishusha pumzi. Mikono yake, iliyochubuliwa na sabuni kwa miaka ya kufulia watu nguo, ilikuwa ikikunja ncha ya mtandio na kuikunjua.

"Baba yako hakumwokoa mtu, mwanangu. Wenzake walishatoka wote. Yeye aliingia akijua mwamba unashuka. Asubuhi ile aliniaga kama mtu asiyerudi. Nilimwelewa. Nikajifanya nimelala."

Mama aliuachia mtandio.

"Sijamwambia mtu yeyote, ila wewe. Usije ukaniumbua."

"Siwezi, mama. Endelea," alijibu binti kwa upole, na kwa mkono wa pili akaivuta picha karibu, taratibu, mpaka uso wa mama yake ukajaa kwenye kioo.