Bandeji ya Mzee Lesiamon

"Rungu lako, mzee," alisema Hosiana mlangoni. "Humu ndani silaha haziingii."

Mzee Lesiamon alilitazama rungu lake, akamtazama Mzee Mdoe aliyekuwa anavua viatu kando yake, kisha akalitoa shingo upande. Kichwani, upande wa kushoto, alikuwa amefungwa bandeji kubwa nyeupe. Mdoe naye akaambiwa atoe panga. Alikuwa amesafiri nalo kutoka Mazingara mpaka Korogwe, limeviringishwa kwenye gazeti, sijui alidhani anakwenda kulima nini kwa Wabudha.

Hosiana alikuwa binti wa Kilutheri kutoka Kwashemshi, aliyeajiriwa kuwatembeza wageni hekaluni. Alishawatembeza wanafunzi, watalii na kwaya mbili. Watu waliokuja na mapanga hakuwahi kuwapata.

Waliletwa na Gerald, afisa wa shirika moja la wafadhili, wafundishwe amani. Ugomvi wao ulikuwa umetangazwa mpaka redioni: ng'ombe kumi na mmoja wametoka kwenye boma la Lesiamon, wameingia kwenye shamba la Mdoe, wamemaliza ekari mbili za mahindi. Fimbo zimetembea. Kijiji kimegawanyika, wakulima huku, wafugaji kule.

"Mkipatana leo, mnasaini, tunawachimbia lambo," Gerald alirudia kwa mara ya nne. "Mkigombana hata kwa neno moja, tingatinga linakwenda kijiji kingine. Na wanaogombana ni wengi, wazee wangu. Foleni ni ndefu."

Lambo halikuwa jambo la mzaha. Kijiji kilikuwa kimeliomba kwa barua miaka tisa, na barua hazikujibiwa. Kiangazi kilichopita Chausiku, mke wa Mdoe, na Nanyori, mke wa Lesiamon, waliamka alfajiri kila siku kwenda kuchota maji ya tope kwenye shimo moja, na ndama walikufa mpaka Lesiamon akaacha kuwahesabu. Wazee wale wawili waliumia mno. Kwa ajili ya maji wangekubali kupelekwa popote.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu za vita. Kulikuwa na kofia ya chuma iliyoota kutu, na picha ya mji ulioungua wote.

"Waligombea nini hawa?" aliuliza Mdoe.

"Ardhi, mzee."

"Ng'ombe hawakuwamo?"

"Hawakuwamo."

Lesiamon alitikisa kichwa. Watu wote hao wamekufa, na hapakuwa na hata ng'ombe mmoja! Aliona ni upuuzi mtupu, na akasema hivyo.

Katika chumba cha pili alikaa mtawa wa hekalu, kipara, amejitanda vazi la rangi ya machungwa lililoacha bega moja wazi. Lesiamon alimkagua toka juu hadi chini.

"Huyu wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, mzee," alisema Hosiana. "Ni mtawa. Ameacha kila kitu."

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe."

"Pole sana, ndugu yangu," Lesiamon akamwambia mtawa, akamshika mkono kwa huzuni ya kweli.

Mtawa alishukuru, akaanza mafundisho, Hosiana akitafsiri. Alisema vita huanzia pale mtu anaposema hiki changu, kile chako. Watu wawili waliokwisha kusahau kipi ni cha nani, hao watagombana kwa lipi?

Mdoe alipaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Lesiamon akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Gerald aliandika kwenye daftari lake: Wameguswa mno.

Kisha wakaambiwa wafumbe macho dakika ishirini, watafakari amani. Dakika ya tatu Mdoe alikuwa anakoroma, kichwa kimelala begani kwa Lesiamon, na Lesiamon amekiegemea. Gerald akapiga picha kumi na nne.

Walipoamshwa, Hosiana alimtazama Lesiamon, akafikicha macho. Bandeji ilikuwa upande wa kulia. Lakini alikuwa hajanywa chai tangu asubuhi, akasema moyoni ni njaa tu.

Mwisho ilikuwa kengele ya amani. Iligongwa kwa gogo zito lililoning'inizwa kwa kamba, na lazima walivute wawili. Walivuta. Gogo liligonga kengele, likarudi, likampiga Lesiamon kwenye goti kwa kishindo.

Lesiamon alifumbua mdomo. Gerald aliliona tingatinga linaondoka. Mdoe alikuwa amekodoa macho, midomo inamcheza kama anayeomba dua.

"Nimekusamehe," alisema Lesiamon kwa sauti ya kuhutubia, meno ameyauma, "ewe adui yangu."

Wakasaini papo hapo, Mdoe kwa herufi kubwa, Lesiamon kwa dole gumba. Mtawa aliinamisha kichwa. Gerald ilibidi atoke nje kidogo apenge kamasi.

Walipofika Kabuku, Gerald, aliyekuwa anaendesha mwenyewe, alisimamisha gari akashuka kununua machungwa. Wazee wakabaki peke yao kwenye kiti cha nyuma. Walimsindikiza kwa macho mpaka alipoanza kubishana bei.

Lesiamon akatoa kikopo cha ugoro. Mdoe alikuwa tayari amekinga kiganja, bila hata kugeuka. Kisha Lesiamon akaifungua bandeji na kujikuna kichwa chote kwa raha, kichwa kisicho na mkwaruzo wowote.

"Sikiliza, Mdoe," alisema. "Wale ng'ombe kumi na mmoja ni wako, mimi nakuchungia tu, na yale mahindi yalikuwa yangu, wewe unanilimia. Mwakani tukitaka zahanati, bandeji utafunga wewe."